Mazabodi Juu ya Uchanja

Mimi nina kinyaa. Nilizaliwa nacho na nimezeeka nacho. Kikombe cha kwa watu lazima nikigeuze, nikinuse, nikifute na upindo wa kanga, ndipo ninywe, na mwenye kuchukia na achukie. Kwa hiyo mtu anayetaka kunielewa nikieleza habari za kompyuta yangu ya kwanza aanzie hapo. Kompyuta ile niliiunda kwa mikono yangu, kipande kwa kipande, kutoka kwenye uchafu ambao hadi leo nikiukumbuka mate yananijaa mdomoni, na si mate ya hamu.

Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali pale Sumbawanga. Ilikuwa miaka ya soko huria, kila kitu kinauzwa na kila mtu anapunguzwa. Wakanipeleka Mbeya kusoma kozi ya kompyuta, nikasoma, nikafaulu, nikarudi na cheti changu kwenye bahasha ya khaki. Sijakaa sawasawa, naitwa kupewa barua ya kupunguzwa kazi. Mkuu wangu alinikabidhi barua ile huku anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti. Akakitazama kilichotoka, akakirudisha mdomoni, akaniambia taifa linanishukuru. Katika miaka yangu yote ya utumishi, hicho ndicho kitu ninachokikumbuka vizuri kuliko vyote.

Kiinua mgongo sitaki hata kukitaja. Lakini nilikuwa na ujuzi wangu, na nilikuwa nimeona chumba kimoja cha mbele karibu na soko, kinachofaa kwa kazi ya kuchapa barua, mitihani ya shule, kadi za harusi na mashtaka ya mashamba, maana watu wa Rukwa kwa kushtakiana mashamba hawajambo. Mwenye chumba alikuwa Hajati mmoja wa ukoo wenye maduka na malori, mwanamke wa maneno machache. Akaniambia, "Mama, chumba nakushikia mpaka mahindi mapya yaanze kuingia. Siku nitakayokuja nikikuta mashine inafanya kazi, chumba chako. Nisipoikuta, naingiza magunia. Tusije tukalaumiana." Hakukosea. Msimu wa mahindi ukifika, Sumbawanga hata choo kinageuzwa stoo.

Na nisipopata chumba, nilijua ninakokwenda. Mama yangu alikuwa Kaoze, kule bondeni kwenye joto, anaishi kwa kaka yangu, na kila basi lililopanda kutoka huko liliniletea ujumbe wake: rudi nyumbani, shamba lipo, unang'ang'ania nini huko mjini na kazi wamekunyang'anya? Sina ubaya na Kaoze. Ila nilijiona nimeinama kwenye shamba la kaka na jembe la kuazima, wifi yangu amesimama nyuma ananielekeza namna ya kupalilia, nikasema aka, bora nife na baridi yangu ya huku juu.

Kompyuta nzima, mpya, sikuiweza. Lakini mwalimu wetu wa Mbeya alikuwa ametufungulia mashine na kutuonyesha matumbo yake, na alikuwa na wimbo wake ambao niliushika. Alisema watu wanakimbilia prosesa kubwa ili wajisifu, halafu wanaweka ram ndogo, yaani kumbukumbu ya mashine, na hiyo ni sawa na kununua mashine kubwa ya kusaga halafu ukamimina mahindi kwa kijiko. Chagua prosesa ya kati, akasema, ujaze ram kadiri mfuko unavyoruhusu. Mazabodi, ile bodi kuu, iwe nzima, maana ndiyo inayobeba wengine wote. Na pawa saplai, kile kisanduku kinacholeta umeme ndani, usiifanyie ubahili, hasa nyie mnaotoka kwenye umeme wa jenereta. Alinitazama mimi aliposema hivyo, na darasa zima likacheka. Umeme wetu wakati huo ulikuwa unapanda na kushuka kama homa.

Basi ikasikika mjini kwamba kuna jamaa ameshusha kompyuta za mitumba kwenye godauni moja nyuma ya stendi. Nikaenda na shemeji yangu, mume wa dada yangu, mfanyabiashara wa mahindi. Alikuwa amechangia kidogo, kwa hiyo alikuwa na mdomo mrefu.

Mungu wangu, godauni lile! Kabla ya kompyuta lilikuwa limehifadhi dagaa wa Kirando, na dagaa wale walikuwa wameondoka wenyewe tu, harufu wameiacha. Sakafu ilikuwa na magamba na vumbi la mahindi yaliyoliwa na dumuzi. Na juu ya uchafu huo, kompyuta zilizovunjwavunjwa zimepangwa mafungu, kama nyanya sokoni. Muuzaji amekaa kwenye kreti na koti lake la ngozi, anakula utumbo wa kuchoma kwenye gazeti. Mteja akiuliza kitu, anakiokota na vidole vile vile vya mafuta, anakigeuzageuza, anakirudisha, anaendelea kutafuna.

"Shikamoo mama. Karibu, chagua fungu."

"Marahaba. Nataka mazabodi na prosesa yake, ram, na pawa saplai. Hivyo vingine sivitaki."

"Hapa hatuchambui, mama. Ni fungu. Unachukua fungu zima au unaliacha."

"Kwani hizi ni nyanya?"

"Biashara huria, mama," akasema, akalamba kidole gumba.

Nilitaka kuondoka. Shemeji akanishika mkono, akaninong'oneza kwamba nikiondoka hapo niende moja kwa moja nikakate tiketi ya Kaoze. Nikabaki, nikajifunga kanga ya pili puani, nikachuchumaa.

Sasa, mtu aliyekulia kwenye soko letu anajua kitu kimoja: fungu la nyanya linapendeza juu, na ukweli umekaa chini. Muuzaji hakuruhusu kuchambua, lakini hakuna sheria inayokataza kuchungulia. Nikaanza kuinua vya juu kwa ncha ya kalamu. Jamani! Tulikuwa tunaambiwa Wazungu wasafi. Mimi niliyeyaona yale makasha hamnidanganyi tena. Yamegeuka rangi ya njano kwa moshi wa sigara, na ndani utadhani yamepakwa mafuta ya ndizi zilizooza. Kibodi moja nilipoiinamisha ilimwaga makombo ya mkate, nywele fupi fupi na vipande vya kucha. Kucha za mtu! Zimesafirishwa kwa meli, zikapanda lori, zikapita Mbeya na Tunduma zikaja kunimwagikia mimi miguuni. Chini ya kitako cha monita moja walikuwa wamebandika bazoka iliyotafunwa, na alama za meno zinaonekana. Nilisimama, nikaenda mlangoni, nikavuta hewa, nikarudi.

Mafungu mengi yalikuwa na mazabodi nzuri juu na chini makapi: vile vikopo vya kapasita vimevimba, vijiti vya ram vimevunjika ncha. Mwisho nikaona fungu moja pembeni ambalo juu lilikuwa baya, kasha limepasuka, hakuna aliyeligusa. Chini yake kulikuwa na mazabodi safi, kweli safi, kama mtu aliifuta jana, prosesa ya kati na feni yake, diski moja, na vijiti vya ram vinene vya kutosha kujaza nafasi zote. Nikakunja uso ili muuzaji asione.

Ikabaki pawa saplai, maana ya fungu hilo ilikuwa na waya ulioungua. Muuzaji akakubali kubadilisha, akatutupia chache tuchague. Shemeji akaingia kazini. Mtu huyu maisha yake yote ananunua mahindi, na gunia halipimi kwa mzani mpaka alinyanyue kwanza. Akatemea viganja mate, ptu, akavisugua, akaanza kuzirusharusha zile pawa saplai. "Hii pumba," akaitupa. "Hii pumba. Hii pia pumba." Akanyanyua moja, akatulia. "Hii ina nafaka, shem. Sikia uzito."

Sikuigusa, mate yake bado yalikuwa yanang'aa juu yake. Lakini mwalimu wa Mbeya alikuwa amesema hivyo hivyo, kwamba pawa saplai nyepesi ni kopo tupu, shaba ya kutosha lazima iwe na uzito. Ndiyo mara ya kwanza mimi na shemeji kukubaliana juu ya jambo lolote tangu amwoe dada yangu.

Tukapatana. Nilidhani tumemaliza, lakini shemeji hakusogea. "Nyongeza," akamwambia muuzaji.

"Nyongeza gani, mzee? Hii kompyuta!"

"Si umesema fungu? Fungu lina nyongeza. Huwezi kutuuzia kama nyanya halafu ukatunyima haki ya nyanya."

Muuzaji akacheka mpaka utumbo ukaonekana mdomoni, akainama nyuma ya kreti, akatoa mazabodi nyingine, pacha wa ile yangu kabisa, akamtupia. Pacha kwa umbo tu. Ilikuwa imekaa chini ya dagaa. Magamba yamegandia juu yake, nywele za mtu zimesokotwa kwenye feni ndogo ya pembeni, na katikati ya matundu ya ram mende ametaga, kifuko cha mayai cha kahawia, kimeshika barabara. Nikamwambia shemeji aitupe palepale. Akasema yeye hajawahi kuacha nyongeza na hataanzia hapo.

Nyumbani nilisugua kila kitu kwa spiriti na mswaki mpya mpaka vidole vikachubuka. Ile mazabodi safi niliiheshimu kuliko vyote. Nikaikatia sponji jipya la godoro, nikaifunga na shuka jeupe lililopigwa pasi, nikailaza kabatini kati ya nguo zangu za kanisani. Prosesa, ram, diski na pawa saplai nikaviweka kwenye boksi chini ya meza. Nyongeza sikuisugua. Nikaitupa uani, karibu na jiko letu la nyasi, isubiri siku nitakayopata moyo wa kuibeba hadi shimoni.

Ningeweza kuiwasha wiki ile ile. Kasha nilikuwa nalo, monita ya kuazima ilikuwepo, hata printa ya kelele nilikuwa nayo, nimeinunua kwenye mnada wa chama cha ushirika kilichokufa. Kilichokosekana ni kibodi, na kibodi ya mitumba, yenye kucha za watu, mimi vidole vyangu nisingeviweka. Shemeji aliniita mjinga. Nikaagiza mpya Mbeya, nikawa naisubiri. Mvua za mwisho zikaharibu barabara, mabasi yakawa yanalala kwenye tope, na mimi kila asubuhi stendi, kuuliza.

Katikati ya kusubiri huko mama akaja. Alishuka kwenye basi na kiroba kimoja kimefungwa na kingine kitupu, kimekunjwa vizuri kwapani. Sikumwuliza kitupu ni cha nini. Kilikuwa cha sufuria zangu. Alikuja kunichukua, wala hakuficha.

Nikamwonyesha vile vipande. Akavitazama kwa muda, mikono nyuma.

"Hivi ndivyo vitakavyokulisha?"

"Ndiyo, mama."

"Vinaliwa na nini?"

"Haviliwi, mama, ni chuma."

"Kila kitu kinaliwa," akasema, akaenda kuwasha moto.

Kesho yake nilirudi kutoka stendi mikono mitupu nikakuta boksi chini ya meza halipo. Nikatoka uani mbio. Jikoni kulikuwa kumejaa moshi wa kuni mbichi, na juu ya mafiga, kwenye uchanja tunapohifadhi mahindi ya mbegu, pembeni ya mahindi yaliyofungwa mafungu kwa maganda yake, vipande vya kompyuta yangu vimepangwa kwa mstari. Hata ile nyongeza, ameiokota kule uani, akaipandisha na magamba yake.

"Mama! Umenikaushia kompyuta kama kambale!"

"Nimekuta mavi ya panya kwenye boksi lako," akasema, bila kuacha kusonga ugali. "Mbegu tunaweka hapa. Panya hapandi kwenye moshi."

"Hizi si mbegu!"

"Haya."

Nilivishusha. Masizi yale ya mafuta, meusi, yanayonata, yalikuwa yameshaanza kuvishika, na nilivifuta nikiwa nataka kulia. Ile nyongeza niliiacha hapo hapo, tayari ilikuwa uchafu. Kesho yake nilirudi, vyote vipo juu tena. Nikavishusha. Akavipandisha. Huyo ndiye mama yangu, hagombani na mtu, anarudia tu. Siku ya mvua kubwa nilichoka, nikasema basi, ram ni ram, nitaisugua tena. Mazabodi yangu mimi iko kabatini, imelala na shuka jeupe, na moshi wake hautaifikia.

Kibodi ikaja. Na siku hiyo hiyo mjukuu wa Hajati akanijia na salamu: lori la kwanza la mahindi limeshafika, bibi anakuja kesho baada ya sala ya adhuhuri kuona mashine.

Nikanawa mikono kwa sabuni. Nikafungua kabati.

Harufu ilinipiga kabla sijaona. Shuka lilikuwa limetobolewa, sponji limechanwa vipande vidogo vidogo, laini, vimezungushwa vizuri, na ndani yake kulikuwa na vitoto vya panya, vyekundu, havina manyoya, havina macho, vinajinyonganyonga juu ya mazabodi yangu. Mkojo wao ulikuwa umekaa pale siku nyingi. Shaba ilikuwa imekula kutu ya kijani, miguu ya vipande imeoza, na nilipoigusa kwa kalamu kipande kimoja kikang'oka. Nguo zangu za kanisani nazo zimelowa. Nilikimbia nje nikatapika, nikatapika tena pasipo kitu tumboni. Kisha nikakaa kwenye kizingiti cha mlango nikajua kwamba yamekwisha, nakwenda Kaoze. Kinyaa chote kile, sabuni yote ile, nimewatandikia panya kitanda cha pamba.

Mama alipita akaingia ndani, akaangalia kabati, akatoka. Akaenda jikoni. Aliporudi alikuwa ameshika ile nyongeza, nyeusi tii, anaipuliza. Akaniwekea mapajani na kipande cha kanga yake kuukuu, na unyoya wa kuku.

"Jaribu hii," akasema.

Niliitazama ile takataka na nikaichukia kwa roho yangu yote. Kisha nikachukua spiriti. Mama akawa anachokoa kwenye matundu kwa unyoya, mimi nasugua. Magamba yalikuwa yamekauka kwa moshi, yakawa yanadondoka yenyewe. Mayai ya mende yalikuwa yamekauka pia, mama akayang'oa kwa kucha yake, akayatupa kwenye moto, akafuta mkono kwenye sketi. Nikageuza uso. Nywele za yule mtu wa Ulaya nilizikata kwa wembe, moja moja, nikisonya. Chini ya masizi, shaba ilikuwa inang'aa. Kutu hata tone.

Nikapachika prosesa. Nikajaza ram zote. Ile pawa saplai nzito ya shemeji nikaifunga mahali pake, nikaunganisha monita, nikashika swichi kwa kidole kilichofungwa kanga. Feni ikalia, ikakohoa vumbi, ikazunguka. Kikasikika kile kimlio kimoja kifupi ambacho mwalimu wa Mbeya alisema ukikisikia, kaa chini ushukuru. Nikakaa chini.

Hajati alikuja kama alivyosema, ananukia udi, ushungi umenyooka. Mashine tulikuwa tumeibeba alfajiri hadi kile chumba cha karibu na soko, ilikuwa imewaka tangu asubuhi na ilikuwa imepata joto, na ikipata joto ilikuwa inanuka. Si kunuka kidogo. Moshi wa kuni mbichi na dagaa, chumba kizima. Hajati alisimama mlangoni akavuta ushungi puani.

"Mnapika humu?"

"Hapana, Hajati. Ni mashine."

Akaizunguka. Umeme ukashuka, taa ikafifia mpaka ikawa kama mshumaa, nikashika roho. Mashine haikuzima. Taa ikarudi.

"Andika," akasema. "Hapa hakuna stoo."

Nikaandika. Printa ikapiga kelele zake, karatasi ikatoka. Akaisoma, akainusa, akaishika kwa ncha za vidole kama mimi ninavyoshika vitu vya watu, akaenda kuibandika mlangoni mwenyewe kwa sababu wenye magunia walikuwa wameshaanza kushusha.

Harufu ile haikuisha. Nilifanya kazi na mashine ile miaka, wateja wananitazama kwa jicho la pembeni, mimi nimekaa nyuma yake na kanga puani. Hati za mashamba ya nusu ya mkoa zilitoka hapo zikinuka jiko la mama yangu.

Lakini asubuhi iliyofuata ujio wa Hajati nilimsindikiza mama stendi. Alikuwa na kiroba chake kimoja kimefungwa, na kile kitupu amekikunja tena vilevile, kwapani. Tulisimama kwenye matope tukisubiri utingo amalize kupakia, na mimi mdomo ukanitoka.

"Mama, ungewaacha panya wavile tu vile vipande. Ningeondoka na wewe leo."

"Najua," akasema.

Kisha akaniambia nimshikie mfuko, apande, basi linaondoka.